Urefu, Uzito na Mgongo wa Nyoka

Mwaka 1886 Louis Dollo, mtaalamu wa jumba la makumbusho ya viumbe mjini Brussels, alichapisha maelezo ya watambaazi na vyura waliokusanywa kando ya Ziwa Tanganyika na ofisa wa jeshi la Ubelgiji, Émile Storms. Storms alikuwa ameongoza kituo cha Karema katika ufuko wa mashariki, kisha mwaka 1883 akajenga kingine Mpala, ng'ambo ya magharibi. Aliporejea kwao mwaka 1885 alikuwa na shehena ya vinyago, silaha, viumbe waliohifadhiwa, na fuvu la Lusinga, mtawala wa Watabwa aliyeuawa na watu wa Storms mwishoni mwa 1884. Katika makusanyo hayo alikuwamo swila wa majini mwenye mikanda myeusi shingoni. Dollo akampa jina la ofisa huyo, na mpaka leo swila wa maji wa Tanganyika huandikwa stormsi katika vitabu vya sayansi. Maelezo ya namna hiyo hutungwa kwa kuhesabu: safu za magamba kiwiliwilini, magamba ya tumboni, magamba ya chini ya mkia, kisha urefu na rangi. Hesabu hizo zina thamani kubwa, kwa maana mtu wa London na mtu wa Kigoma wanaweza kuhakikisha kwamba wanazungumzia nyoka mmoja. Lakini zilichaguliwa kwa sababu moja: hazibadiliki. Nyoka aliyeshiba na nyoka aliyekaa bila kula mpaka uti wa mgongo ukachomoza wana idadi ileile ya magamba. Kwa hiyo elimu iliyoanza kuandikwa juu ya nyoka wa ziwa hili ilianza kwa kuweka kando, kwa makusudi, kila kitu kinachoonyesha kama nyoka yule alikuwa mzima au hoi.

Nimeanza na swila huyo wa Brussels kwa sababu swali ninalolishughulikia, yaani namna ya kutambua kama mwili wa nyoka anayefugwa una afya, huonekana kuwa swali la juzi, la watu wa miji ya mbali wenye vizimba vya vioo sebuleni. Sivyo. Watu wa eneo hili la Afrika wamewashika nyoka hai kwa mikono, wamewalisha, wamewachezesha, wamewasafirisha na kuwauza, na kila kundi lilikuwa na kipimo chake cha kusema nyoka huyu ni mzuri. Hoja yangu ni kwamba vipimo hivyo vyote vilipima haja ya mwenye nyoka kabla ya kumpima nyoka. Mwanamakumbusho alitaka urefu na magamba, mtumishi wa hekalu alitaka nyoka ale, mchezaji wa ngoma alitaka ukubwa na ukali, mfanyabiashara alitaka idadi. Hali ya mwili yenyewe haisomeki katika hata kimoja cha hivyo. Husomeka katika umbo, hasa umbo la mgongo na la shina la mkia, likilinganishwa na aina ya nyoka, na msimu, na jinsi nyoka huyohuyo alivyokuwa miezi iliyopita.

Ni vizuri kueleza kwanza kinachosomwa. Nyoka hana mabega wala nyonga za kutuonyesha unene wake kama ng'ombe. Nyama yake kubwa imelala pande mbili za uti wa mgongo, toka shingoni mpaka mkiani, na akiba yake ya mafuta imefichwa ndani ya tumbo, katika mapande marefu yaliyo kandokando ya utumbo. Ndiyo sababu jicho linadanganyika kwa urahisi. Chatu aliyekonda huanza kupungua nyama za mgongo, na ukimtazama kwa mkato mgongo wake unakuwa na ncha kama paa la nyumba, ngozi ya ubavuni inalegea na kujikunja kwa urefu, na kidole kikipita juu ya mwili kinahesabu pingili bila kubonyeza. Chatu mwenye hali njema ana mgongo uliojaa kiasi, uti unahisika ukibonyeza kidogo lakini hauchomozi, na mwili unapungua polepole kuelekea mkiani. Chatu aliyezidi unene ana mfereji pale uti ulipozama kati ya vilima viwili vya nyama na mafuta, akijikunja anatokeza mikunjo, ngozi inaonekana kati ya magamba hata kama hajala, na baada ya tundu la choo mkia unaanza ghafla, mwembamba, kana kwamba umetoka kwa nyoka mwingine. Unene huo ni ugonjwa wa kifungoni zaidi kuliko wa porini. Mafuta hayaishii tumboni. Hujaza ini mpaka likashindwa kazi, na mfugaji huja kushangaa kwamba nyoka aliyekuwa akimsifu kwa ukubwa amekufa akiwa hajaonyesha dalili yoyote. Dalili zilikuwepo mgongoni miaka kadhaa.

Ushahidi mmoja wa zamani wa nyoka kulishwa na binadamu kwa utaratibu katika nchi za maziwa makuu hautoki Tanganyika bali Buganda. Mmisionari John Roscoe, aliyeandika juu ya desturi za Waganda mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza hekalu la Selwanga huko Buddu, karibu na Ziwa Nyanza, ambamo aliishi chatu aliyeheshimiwa kama mungu. Mwanamke aliyewekwa kwa kazi hiyo alimlisha maziwa ya ng'ombe wa hekalu katika bakuli la mti, na kuku au mbuzi wadogo wakafungwa karibu ili chatu awachukue. Wavuvi walimwomba samaki, wasio na watoto wakamwomba uzazi. Katika mpango huo afya ya chatu ilijulikana kwa kitu kimoja, kupokea. Akipokea, mambo ni mema; akikataa, kuna jambo limeharibika, na jambo hilo lilitafutwa kwa watu, si kwenye mwili wa nyoka. Kulisha kulikuwa ibada, na ibada haipimwi kwa mbavu. Hata hivyo, kipimo hicho cha ulaji hakikufa na hekalu. Ndicho kipimo kinachotumiwa zaidi na wafugaji wa leo wa nchi zote: nyoka anakula vizuri, basi ni mzima. Nyoka anayevizia hajaumbwa kukataa windo lililomfikia mdomoni. Porini atapata mlo mkubwa mara chache kwa mwaka, na mwili wake umeundwa kushika kila nafasi. Mtu akimpa kila wiki, atakula kila wiki, mpaka mafuta yamzidi. Kwa upande wa pili, chatu jike anayeatamia mayai, au dume wakati wa kutafuta majike, au nyoka yeyote ambaye macho yameingia ukungu kwa kuwa karibu kujivua ngozi, atakataa chakula huku akiwa mzima kabisa. Chatu wa kusini mwa Afrika jike, kama Graham Alexander alivyoonyesha kwa kuwafuatilia porini, hakai tu bila kula wakati wa kuatamia. Huendelea kuwalinda watoto kwa muda baada ya kuanguliwa, na mwisho wa kazi hiyo amekonda vibaya. Maziwa aliyoyaeleza Roscoe huenda yalimpa chatu wa Buddu maji ya kunywa. Nyama ya mgongo wake ilitokana na mbuzi na kuku.

Huku kwetu, katika barabara iendayo Ujiji, nyoka hai alikuwa na kazi nyingine. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa na chama cha Wayeye, chama chenye taratibu zake za kuingizwa, chenye dawa za kuumwa na nyoka, chanjo za kujikinga, na ngoma za kuchezesha nyoka mbele ya watu. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, alichapisha makala juu ya chama hicho mwaka 1946, na makumbusho ya Bujora nje ya Mwanza, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yameihifadhi ngoma hiyo ya nyoka mpaka sasa. Katika sikukuu ya Bulabo ya mwezi Juni huchezwa hadharani. Wanyamwezi ndio waliokuwa nguvu ya misafara kati ya pwani, Tabora na Ujiji, na popote wapagazi walipofika vyama vyao vilifika. Kisha ngoma za Usukuma huwa za mashindano. Baada ya mavuno makundi mawili hupambana uwanja mmoja kwa siku moja, na mshindi ni yule aliyevuta umati. Katika uwanja wa namna hiyo chatu mrefu anamshinda chatu mfupi, na swila anayetanua shingo anamshinda aliyelala. Kipimo cha Wayeye mbele ya watu kilikuwa urefu na ukali, na sioni aibu yoyote katika hilo. Wao walikuwa wachezaji na waganga, na walikuwa na kazi ya kumwonyesha mtu kwamba hofu yake inaweza kushikwa mkononi.

Mtu anaweza kupinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Anaweza kusema kwamba nawafanya Wayeye wajinga wa kile walichokishika kila siku, wakati mtu anayejifunga chatu mabegani anaujua mwili wake kuliko daktari anayemtazama kupitia kioo. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Chatu mzima akishikwa hukaza, huzunguka mkono na kuubana. Chatu aliyedhoofu hulegea na kuning'inia. Ni vigumu kuamini kwamba mikono iliyofanya kazi hiyo kizazi baada ya kizazi haikujifunza tofauti. Lakini elimu ya mkono na kipimo cha hadharani ni vitu viwili. Mkono ulijua, uwanja ulitaka kingine. Na upole, ambao mtazamaji huuona kama ushahidi wa dawa au wa ustadi, ni dalili mbaya sana ya kutegemea, kwa kuwa nyoka aliyepoa kwa baridi, aliyeishiwa maji, au aliyeanza kufa njaa naye ni mpole. Kosa hilohilo lipo katika soko la leo la nyoka wa nyumbani, ambako muuzaji husifu utulivu wa nyoka na mnunuzi hulipia utulivu huo bila kupitisha kidole mgongoni.

Reli ndiyo iliyobadilisha aina ya nyoka aliyeweza kuondoka ziwani. Kabla yake, safari ya msafara toka Ujiji mpaka Bagamoyo ilichukua miezi kwa miguu. Burton na Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, walikuwa njiani zaidi ya nusu mwaka. Kwa mwendo huo, kitu pekee kilichofika Ulaya bila kuharibika ni ngozi, mfupa, na kiumbe aliyezamishwa ndani ya pombe kali. Swila wa Storms hakufika akiwa maiti kwa bahati mbaya. Barabara yenyewe haikuruhusu vinginevyo. Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, na tangu hapo mnyama hai aliweza kufikishwa bandarini kwa siku chache. Mwaka 1926 msafara wa taasisi ya Smithsonian, uliogharamiwa na mwenye kampuni ya magari ya Chrysler na kuongozwa na William Mann, ulikuja Tanganyika kutafuta wanyama hai kwa bustani ya wanyama ya Washington. Kambi yake kuu ilikuwa Dodoma, kwenye reli hiyohiyo, na Arthur Loveridge, mtaalamu wa watambaazi aliyekwisha kufanya kazi katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alikuwa pamoja nao. Mwenzao Frederic Carnochan alivutiwa na waganga wa nyoka wa Unyamwezi, akaingia katika chama chao, na mwaka 1935 akatoa pamoja na mwandishi mwenzake kitabu kiitwacho The Empire of the Snakes. Ni kitabu cha kusisimua wasomaji wa Marekani na kinafaa kusomwa kwa tahadhari. Ila chaguo lake la habari linasema kitu. Kilichomvuta ni dawa ya sumu. Biashara ya wanyama hai kwa upande wake ilikuwa na hesabu ya aina moja, wangapi walipanda meli na wangapi walishuka. Kusini, C. J. P. Ionides, bwana nyama aliyestaafu na kuishi Newala mpaka miaka ya 1960, alipata umaarufu wa dunia kwa kuwakamata na kuwapeleka nyoka katika bustani na maabara, na umaarufu huo nao ulihesabiwa kwa vichwa.

Hesabu hiyo ya vichwa ikaingia katika sheria. Mkataba wa CITES, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1979, huwaweka chatu wote katika orodha ya wanyama ambao biashara yao lazima iwe na kibali, na kibali huandikwa kwa aina na idadi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 nayo hudai leseni kwa anayetaka kumfuga mnyama wa porini. Machi 2016 serikali ilipiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na Juni 2022 tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kuondoa wanyama waliokuwa bado mikononi mwao lilitolewa na kusitishwa papo hapo baada ya malalamiko ya umma. Mjadala ule ulikuwa juu ya utaifa wa mali, rushwa na twiga waliowahi kutoroshwa nje kwa ndege, mambo makubwa yote. Lakini mnyama anayekaa kizimbani miaka akisubiri uamuzi ana mwili unaobadilika kila mwezi, na orodha yenye idadi haiwezi kumwonyesha. Mkaguzi anayetumia dakika moja kupapasa mgongo wa chatu na kuandika anachokihisi atajua jambo ambalo karatasi nzima ya kibali haisemi.

Sasa nije kwenye kipimo ambacho watu wengi wa leo watakiona kuwa jibu la yote, yaani mizani. Uzito una heshima ya namba, na namba haina upendeleo. Kwa bahati njema ufuko huu una ushahidi bora sana wa nini uzito unaweza kusema na nini hauwezi. Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, watafiti walioendeleza kazi aliyoianza Jane Goodall mwaka 1960 waliwapima sokwe kwa miongo kadhaa kwa njia rahisi: kamba iliyofungwa kwenye mizani ya springi, na chakula cha kumvutia sokwe apande. Anne Pusey na wenzake walipochambua vipimo hivyo na kuvichapisha mwaka 2005, uzito ulionekana kupanda na kushuka kwa misimu, ukipungua kiangazi, na ukitegemea pia umri na nafasi ya mnyama katika kundi. Kipimo kimoja cha sokwe mmoja siku moja kingekuwa kama hakuna. Mamia ya vipimo vya wanyama walewale, kila kimoja kikiwa na tarehe, vikawa elimu. Hapo mizani haikushinda jicho kwa kuwa ni mizani; ilishinda kwa sababu ilirudiwa.

Kwa nyoka tatizo la uzito ni kubwa kuliko kwa sokwe. Stephen Secor na Jared Diamond walionyesha miaka ya 1990, kwa chatu wa Burma, kwamba baada ya mlo mkubwa utumbo mwembamba wa nyoka huyo hukua karibu mara mbili kwa siku chache, na viungo vingine hukua pamoja nao, kisha vyote hurudi nyuma chakula kikiisha. Mnyama ambaye viungo vyake vya ndani hupanuka na kusinyaa hivyo hawezi kuwa na uzito mmoja wa kawaida. Ongeza mlo wenyewe, ambao huweza kuwa sehemu kubwa ya uzito wa mwenye kuumeza, ongeza mayai, ongeza maji aliyokunywa au aliyoyakosa. Wataalamu wa samaki wanayo dawa ya tatizo kama hili tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kigezo cha Fulton, kinachogawanya uzito kwa urefu uliopandishwa kipeo cha tatu, na vituo vya utafiti wa uvuvi kama cha TAFIRI Kigoma huishi kwa hesabu za namna hiyo za uzito na urefu. Kwa nyoka hufanywa jambo linalofanana, urefu ukichukuliwa toka pua mpaka tundu la choo na mkia ukiachwa, kwa kuwa mkia wa dume ni mrefu kuliko wa jike na mikia hukatika. Ni hesabu nzuri kwa kulinganisha nyoka mia. Kwa nyoka mmoja aliye mbele yako haitofautishi kilo ya mafuta na kilo ya mayai.

Mkono hutofautisha, angalau kwa kiasi. Na hapa wafugaji wa mifugo walitangulia. Mwaka 1961 Jefferies wa Tasmania alichapisha njia ya kuwapa kondoo alama kwa kupapasa kiuno, juu ya pingili nyuma ya mbavu, kutoka aliyekonda kabisa mpaka aliyenona kupita kiasi. Ikaenea kwa ng'ombe, baadaye kwa mbwa na paka, na mwisho ikawafikia watambaazi. Mnunuzi wa mbuzi mnadani, awe Kasulu au Kibondo, hubonyeza mahali palepale na hajapata kusoma Tasmania. Pingamizi la kawaida ni kwamba mkono wa mtu mmoja si mkono wa mwingine, na mwenye mnyama humwona wake kuwa mzuri. Ni kweli. Mfugaji anayemwona nyoka wake kila siku ndiye wa mwisho kumwona akinenepa. Lakini dawa ya upendeleo huo ni kuandika alama ya mgongo, uzito na picha ya juu na ya ubavu tarehe moja, kila mwezi, siku ambazo nyoka hajala karibuni, na kumwomba mtu mwingine apapase bila kuambiwa alama ya mwezi uliopita. Kuutupa mkono kwa sababu unakosea, na kubaki na mizani ambayo haioni, ni kuchagua kosa moja badala ya jingine.

Lipo pingamizi gumu zaidi, nalo linastahili jibu la moyo mweupe. Katika vijiji vya Uvinza na Kasulu mtu akiumwa na kifutu anaweza kupoteza mguu au maisha, na Shirika la Afya Duniani liliorodhesha kuumwa na nyoka mwaka 2017 kati ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika yanayopewa uzito wa kwanza. Je, si dhihaka kwa mwathirika kumzungumzia nyoka mwenye unene mzuri? Ningekubali kama mambo hayo mawili yangekuwa mbalimbali. Dawa pekee iliyothibitishwa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kutokana na sumu iliyokamuliwa kwa nyoka hai, na nyoka hao hukaa kizimbani miaka. Kituo cha Bio-Ken kilichoanzishwa na James Ashe huko Watamu, Kenya, mwaka 1980, na vituo vya Kusini mwa Afrika, vimetegemea jambo hilo. Kifutu aliyekonda au aliyejaa mafuta hadumu, na mara nyingi anayekufa hubadilishwa na mwingine aliyetolewa porini. Miongozo ya Shirika hilo kuhusu utengenezaji wa dawa hiyo husisitiza utunzaji wa nyoka na kumbukumbu za kila mmoja wao. Mkono unaopapasa mgongo wa kifutu katika kituo cha sumu unafanya kazi kwa ajili ya mguu wa mkulima wa Kasulu.

Pingamizi la mwisho ni lile linaloniudhi zaidi, kwa sababu linaonekana la busara: kwamba vipimo vipo tayari, vimechorwa, vina picha za mkato wa mwili, tuvichukue. Vingi vya vielelezo hivyo vimetokana na chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule wa Ghana, Togo na Benin, ambaye huzalishwa kwa wingi Marekani na Ulaya na ndiye nyoka wa nyumbani anayejulikana kuliko wote. Ni chatu mfupi, mnene kwa asili. Mpime kwa kielelezo hicho nyoka wa Tanzania ambaye mwili wake una pembe tatu na safu ya magamba makubwa iliyoinuka juu ya uti, yule wa jenasi ambayo Wazungu waliifananisha na tupa ya fundi, na utamtangaza mwenye njaa ilhali ana afya. Ukimlisha mpaka mgongo wake uwe mviringo, utamuua. Nyoka wa mitini naye ni mwembamba wa ubavu ili avuke tawi kwa tawi. Na swila wa maji wa Tanganyika ni kisa cha peke yake. Anaishi kwa samaki, anazama kuwafuata kati ya miamba na hukaa chini ya maji kwa dakika kadhaa, anajificha katika mapango ya mawe na chini ya gati, na huweza kupita mita mbili kwa urefu. Mwili wake mzito wa mviringo ni wa kuogelea. Jirani yake, nyoka mdogo wa maji Lycodonomorphus bicolor aliyeelezwa na Günther mwaka 1893 na ambaye hapatikani kwingine ila ziwa hili, naye hula samaki, lakini ni mwembamba, asiye na sumu, wa usiku. Wawili hao hula katika ziwa moja na hawawezi kupimwa kwa mchoro mmoja. Goodall alieleza katika kitabu chake cha 1971 jinsi wimbi lilivyomletea swila wa maji juu ya mguu wake mmoja ufukoni Gombe, na jinsi alivyosimama bila kutikisika mpaka wimbi lile liliporudi ziwani likamchukua nyoka huyo. Maelezo yale ni ya hatari na ya urefu, kama ilivyo desturi ya kumwandika nyoka tangu siku za Storms.

Kielelezo cha swila wa maji, kwa hiyo, kinaweza kutengenezwa mahali pamoja tu, napo ni hapa anapoishi. Nyavu za wavuvi wa Kigoma na Ujiji humkamata mara kwa mara bila kukusudia, na kwa kawaida mwisho wake ni kupigwa kwa kafi. Mtaalamu mwenye kibali, vifaa na dawa karibu angeweza kupokea baadhi yao kutoka mialoni, akapima urefu bila mkia, uzito, mzingo wa katikati ya mwili na wa shina la mkia, akaandika alama ya mgongo na tarehe, akawarudisha majini mbali na watu. Afanye hivyo masika na kiangazi, wakati dagaa wakiwa tele na wakiwa haba, kwa madume na majike, kwa miaka. Kumbukumbu hizo zitamfaa mwenye kizimba cha makumbusho, mkaguzi wa leseni na mkamuaji wa sumu kwa pamoja, na huenda zikawa za kwanza kumwandika nyoka huyu kwa kile alichokuwa nacho mwilini alipokuwa hai, zaidi ya karne moja baada ya Dollo kumhesabia magamba.